Garsen Hadi Kipini: Historia Tunayoipita Tukiwa Ndani ya Basi



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, ikitajwa historia ya Kiislamu, akili zetu hukimbilia Baghdad, Cordoba na Istanbul. Si vibaya, huko nako ni kwetu. Lakini wengi wetu tumeshapita Garsen ndani ya basi la Lamu, tukavuka Mto Tana huku tumesinzia, bila kujua tunapita juu ya historia ambayo haina haja ya viza wala tiketi ya ndege. Mimi kwetu ni Tanga, Kenya nimekuja kusoma tu, na nilitumia siku moja ya likizo kuteremka kutoka Garsen, nikapita Witu hadi Kipini, pale mto unapoingia baharini. Nitakayoyaeleza hapa ni yale ambayo kila kijana wa Kiislamu wa pwani hii anafaa kuyajua.

MTO ULIKUWA NDIO BARABARA

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unazunguka, kisha unashuka kusini hadi Ghuba ya Ungwana. Kabla ya lami, mto huu ndio uliokuwa barabara. Wapokomo walilima mpunga kandokando yake na kuusafirisha kwa mitumbwi. Mto ukifurika shamba linapata rutuba, mto ukipungua wanapanda. Nao Waorma, wafugaji wa ng'ombe, wakati wa kiangazi huteremsha mifugo kwenye maji kupitia njia maalumu ziitwazo malka. Mkulima na mfugaji wote walikuwa wakiutegemea mto ule ule.

Kuna jambo moja lilinishangaza sana. Zamani mlango wa Tana haukuwa Kipini. Mto uliokuwa ukitokea Kipini ni mwingine, ukiitwa Ozi. Katika karne ya 19, zama za Sultani wa Witu, ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ya mpunga ifike kwa wepesi kwenye bandari ya Kau na Kipini. Mafuriko ya baadaye yakaupanua mfereji ule mpaka mto wenyewe ukahama, ukafuata njia iliyochimbwa kwa mikono ya watu. Kwa hiyo ukisimama Kipini leo ukatazama maji ya kahawia yakikutana na bahari, unatazama kazi ya wachimbaji ambao majina yao hatuyajui.

UNGWANA

Mashariki ya Kipini, kilomita chache kwa njia ya pwani, kuna magofu ya Ungwana. Huu ulikuwa mji wa mawe, wenye ukuta, misikiti na makaburi. James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950, na George Abungu akaendelea na utafiti wa eneo hili katika miaka ya 1980. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Ungwana ndiyo Hoja inayotajwa na Wareno, mji walioushambulia na kuuchoma mwanzoni mwa karne ya 16.

Baadhi yetu tumefundishwa kwamba miji hii ililetwa na jahazi kutoka Arabuni ikiwa imeshakamilika. Lakini ardhi ikichimbwa, pamoja na vyombo vilivyotoka ng'ambo vinapatikana vyungu vingi vya hapa hapa, vilivyofinyangwa na watu wa hapa hapa. Utafiti wa Abungu ulionesha kwamba mji wa pwani uliishi kwa kushirikiana na watu wa mtoni: vyakula na bidhaa za bara ziliteremka, na za bahari zikapanda. Hata lugha inashuhudia. Kipokomo na Kiswahili wataalamu wanaviweka katika kundi moja la Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kikomoro. Yaani ni ndugu wa tumbo moja. Basi Mswahili akimdharau Mpokomo anamdharau nduguye.

Hapa ndipo pia penye habari za Fumo Liyongo, shujaa wa Shaka na Ozi. Wataalamu wanabishana kuhusu zama zake, lakini watu wa Kipini na Ozi wana mahala wanapopaonesha kuwa ndipo alipozikwa. Kisa chake kila mtu anakijua: mishale haikumwua wala gereza halikumweza, akauliwa kwa sindano ya shaba kitovuni na mtoto wake mwenyewe, aliyedanganywa kwa ahadi ya ukubwa na ndoa. Kikulacho ki nguoni mwako.

WITU, KIMBILIO LA WATORO

Witu leo iko upande wa Kaunti ya Lamu, lakini historia yake ni ya mto huu huu. Yapata mwaka 1862, Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyepewa jina la Simba, alihamia Witu baada ya kushindwa na nguvu za Zanzibar. Wakamfuata watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wale walioitwa watoro. Wakati pwani nzima binadamu anauzwa, Witu mtoro alipata pa kuweka ubavu.

Tusitie chumvi lakini. Witu nayo ilikuwa na watumwa wake, na watu wake walivamia majirani, Wapokomo wakiwemo. Ukiisoma historia usome kurasa zote, si zile zinazokupendeza tu.

Mwaka 1885 Sultani Ahmed, akiutafuta msaada dhidi ya Zanzibar, alikubali ulinzi wa Wajerumani kupitia ndugu wawili wa Denhardt. Mwaka 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza Witu katika ule mkataba wao maarufu wa Heligoland. Sultani Fumo Bakari hakuulizwa. Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na Oktoba jeshi la Waingereza likauteketeza mji kwa moto. Fumo Bakari akafariki mwanzoni mwa 1891. Sultani alidhani amepata mlinzi, kumbe amepata dalali.

JERAHA LA 2012

Ningeweza kuishia hapo, tukasikitikia wakoloni kisha tukaenda kufuturu. Lakini insafu hairuhusu. Agosti 2012, siku chache tu baada ya Idd el-Fitr, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata Kilelengwani. Mpaka mwanzo wa 2013 waliokufa katika delta walikuwa wamepita 100. Waorma waliuawa, na Wapokomo waliuawa. Sababu zilitajwa nyingi: malisho, mashamba, maji, siasa za uchaguzi. Hakuna hata moja inayohalalisha kumwua mtoto aliyelala.

Kinachouma zaidi ni kwamba Waorma ni Waislamu, na Wapokomo wengi, hasa wa sehemu za juu za mto, ni Waislamu vile vile. Wapokomo wa chini wengi ni Wakristo tangu wamisionari wa Neukirchen walipofika Ngao mwaka 1887, nao wana haki ya ujirani ambayo Mtume (S.A.W.) ametuusia. Waliopeana salamu za Idd ndani ya delta moja, baada ya siku chache walikuwa wanazikana. Kisa cha sindano ya shaba tulikuwa tunakihadithia kama ngano, kumbe kilikuwa kinatuonya.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuandike na kurekodi. Mzee mmoja niliyekaa naye Kipini alinieleza habari za mto kwa muda wa saa moja, na hakuna hata nusu yake niliyowahi kuisoma kitabuni.

Pili, jumuiya zetu zinapopanga ziara, si lazima kila mwaka iwe Lamu. Tuje Kipini, Ozi na Ungwana, tuyatazame magofu kabla mizizi na bahari havijayamaliza.

Tatu, na ndilo kubwa, Ramadhani hii tusipeleke futari kwa watu wa kabila letu tu. Kijana wa Kiorma na wa Kipokomo wakikaa sinia moja, wakala wali uliotoka kwenye mto mmoja, itakuwa vigumu kwa mwanasiasa kuja kuwauzia chuki.

Allah atusameheshe, awarehemu waliotangulia, na azikubali swaumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.