Sukari, Arafa na Msitu wa Mabira

Kwa kawaida hapa tunazungumza kuhusu programu, simu na seva zinazozimika usiku wa manane. Leo naomba tuache hayo kidogo, tusome historia. Msiogope, tutarudi kwenye teknolojia kabla hatujaachana.

Vijana wengi ninaofanya nao kazi wanaamini kwamba kampeni za mazingira kwa njia ya kielektroniki zilianza na Facebook na Twitter. Mimi huwauliza swali moja: mmesikia habari za Mabira?

Ukipanda basi kutoka Nairobi kwenda Kampala, baada ya kupita Jinja unaingia kwenye msitu. Pale Najjembe wachuuzi hukimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na ndizi. Huo ndio Mabira. Ukubwa wake ni takriban hekta 30,000, na umekuwa msitu wa hifadhi tangu 1932. Vijito vyake hulisha Mto Nile na Ziwa Kyoga.

Mwanzoni mwa 2007 serikali ya Rais Museveni ilikuwa na mpango wa kukata hekta 7,100 za msitu huo, karibu robo nzima, na kuipa kampuni ya sukari ya SCOUL ipande miwa. SCOUL ni ya kundi la Mehta na kiwanda chake kiko Lugazi, jirani tu na msitu. Hoja ya serikali ilikuwa ajira na sukari zaidi. Wapinzani walisema msitu ukishakatwa haurudi. Kabaka wa Buganda na Kanisa la Anglikana wakajitolea kutoa ardhi nyingine ya kupanda miwa, mradi Mabira uachwe.

Sasa fikiria ungekuwa mwanaharakati wa Kampala mwaka huo. Mtandao ulikuwa wa saiba, unalipa kwa dakika. Lakini simu ya mkononi ilikuwa mfukoni mwa mwalimu, wa mwendesha bodaboda na wa mama muuza duka. Basi ujumbe ukaanza kuzunguka kwa arafa: msinunue sukari ya Lugazi, na mwambie mwenzako.

Hapa ndipo mimi kama mtu wa programu ninapochangamka. Arafa moja ina baiti 140 tu. Kwa kuwa kila herufi huhifadhiwa kwa biti saba, unapata herufi 160. Katika nafasi hiyo huwezi kueleza ikolojia ya msitu wa mvua. Unaweza kusema jambo moja tu. Na hilo jambo moja lilichaguliwa vizuri, kwa sababu tatu:

1. Lilikuwa tendo, tena dogo. Halikumwambia mtu aipende misitu, lilimwambia asichukue pakiti ile dukani.

2. Mbadala ulikuwepo. Sukari ya Kakira ilikuwa inauzwa vilevile, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kunywa chai kavu.

3. Arafa ilitoka kwa mtu unayemjua. Ukituma mbele arafa, anayeipokea anaona namba yako wewe, si ya yule aliyeianzisha. Kila mkono unaoipitisha unaidhamini upya.

Kususia kulishika. Wapo wenye maduka walioiondoa sukari ile kwenye rafu. Mambo yangeishia hapo, ningewaambia hii ni hadithi tamu kama sukari yenyewe.

Haikuishia hapo. Tarehe 12 Aprili 2007 kulikuwa na maandamano Kampala ya kuutetea msitu. Yakageuka vurugu. Watu wenye asili ya Kihindi walishambuliwa, eti kwa kuwa wenye kampuni ni Wahindi. Watu wasiopungua watatu walikufa siku hiyo, na mmoja wao alikuwa Mhindi aliyepigwa mawe na umati. Kosa lake lilikuwa kupita barabarani. Viongozi wa kampeni, akiwemo mbunge Beatrice Anywar ambaye watu walimbandika jina la Mama Mabira, walikamatwa.

Sisemi arafa ziliua. Risasi na mawe ndivyo vilivyoua, na chuki ile ilikuwa na mizizi mirefu kuliko simu yoyote. Ninachosema ni kwamba ujumbe wa herufi 160 unaomtaja adui hauna nafasi ya kuongeza "lakini msimguse jirani".

Oktoba 2007 serikali ilitangaza kwamba imeachana na mpango huo. Mwaka 2011 Rais akaufufua, upinzani ukaamka tena, na hata mara hiyo miwa haikupandwa mle. Msitu bado upo, ingawa wakata miti wanaendelea kuumega pembeni.

Tazama sasa tarehe hizi. Agosti 2007, miezi minne tu baada ya maandamano yale, Chris Messina alipendekeza kutumia alama ya reli (#) kukusanya mazungumzo kwenye Twitter. Na Twitter yenyewe ilikuwa na kikomo cha herufi 140 kwa sababu ya arafa: 160, ukitoa 20 za jina la mtumiaji. Kwa hiyo chombo walichotumia wenzetu wa Uganda ni babu wa kile tunachojivunia.

Kwetu Kenya mjukuu huyo alifanya kazi yake. Mpiga picha wa Nakuru, James Wakibia, alianza kuonyesha picha za taka za plastiki na kuhimiza marufuku kwa alama ya reli. Waziri wa Mazingira wakati huo, Judi Wakhungu, akaunga mkono. Majaribio ya awali, 2007 na 2011, yalikuwa yameshindwa. Safari hii marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutumika tarehe 28 Agosti 2017. Na ona tofauti: adui hapa alikuwa mfuko. Hakuna mtu aliyefanana na mfuko.

Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa na makundi huko India kwa uvumi uliosambazwa, WhatsApp ilianza kupunguza idadi ya watu unaoweza kuwatumia ujumbe mbele kwa mkupuo. Watengenezaji programu wenzangu, kitufe cha kusambaza tunakiandika kwa mistari michache tu ya msimbo. Safari nyingine ukikiandika, kumbuka ule msitu uliookolewa, na umkumbuke pia yule mtu aliyekuwa akijipitia barabarani.

Haya, tukutane wiki ijayo. Tutarudi kwenye seva.