Keratokonasi: Jinsi ya kutambua na kueleza maumivu ya jicho

WAKAZI wengi wa Budalang'i wamezoea kuumwa na macho. Moshi wa kukaushia samaki, vumbi la kiangazi na mng'aro wa jua juu ya maji ya Ziwa Victoria ni mambo ya kawaida katika eneo hilo la Kaunti ya Busia. Ndiposa kijana anayelalamika kwamba macho yanamwasha huambiwa anawe uso, na mambo huishia hapo.

Hata hivyo, iwapo muwasho huo unaandamana na kufifia kwa uwezo wa kuona, huenda chanzo chake ni keratokonasi, maradhi yanayohitaji kushughulikiwa mapema na mtaalamu wa macho.

Keratokonasi hushambulia konea, yaani utando mwangavu unaofunika mboni kwa mbele. Konea yenye afya ina mviringo kama sehemu ya mpira. Kwa mgonjwa, utando huo hupungua unene na kusukumwa mbele hadi ukachongoka mfano wa pia. Daktari Mwingereza, John Nottingham, aliyaeleza maradhi haya kwa kina mwaka wa 1854.

Kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe, huendelea kwa miaka kadhaa na mara nyingi hutulia mgonjwa anapofikisha umri wa kati ya miaka 30 na 40. Huathiri macho yote mawili, ingawa moja huweza kuzidiwa kuliko jingine. Hayaambukizi. Urithi huchangia, na vilevile mazoea ya kufikicha macho, hasa kwa watoto wenye aleji.

Karaha ya kila siku

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba keratokonasi yenyewe, hasa mwanzoni, haisababishi maumivu makali. Mgonjwa husumbuliwa zaidi na karaha isiyokwisha: jicho kuwasha, kukereketa kana kwamba limeingia mchanga, kuchoma na kutoa machozi.

Mwanga mkali humkera. Usiku, taa ya pikipiki humwonekea kama imezungukwa na duara la nuru au kuchipua miale. Herufi huwa na kivuli au huonekana mbilimbili hata anapotumia jicho moja tu. Kwa kuwa hulazimika kufinya macho mchana kutwa ili asome ubao, jioni hulalamikia uzito wa macho na kuumwa na kichwa.

Dalili nyingine muhimu ni miwani isiyodumu. Mgonjwa hupimwa na kupewa miwani, lakini baada ya miezi michache huwa haimfai tena.

Maumivu ya ghafla

Konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi mno. Kwa hivyo, maumivu makali yanapozuka ghafla kwa mtu mwenye keratokonasi, hayo ni tahadhari.

Huenda tabaka la ndani la konea limepasuka, maji ya ndani ya jicho yakapenya na kuifanya ivimbe. Jicho huuma, hutiririka machozi, hushindwa kustahimili mwanga na huweza kuonekana jeupe katikati. Uwezo wa kuona hushuka mara moja. Uvimbe huo mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa au miezi, lakini waweza kuacha kovu.

Kwa wanaovaa lenzi juu ya jicho, maumivu yaweza kutokana na lenzi isiyokaa vyema, mkwaruzo au kidonda chenye viini vya maradhi. Lenzi inapaswa kuvuliwa mara moja na mgonjwa kufika hospitalini siku iyo hiyo. Lenzi haifai kuoshwa kwa maji ya ziwa, mto au mfereji, kwani maji hayo huweza kubeba viini vinavyotoboa konea. Katika eneo ambalo Mto Nzoia hufurika mara kwa mara, kama ilivyokuwa mwaka wa 2020, tahadhari hiyo ni ya lazima. Dawa maalumu ya lenzi ndiyo inayofaa.

Mambo ya kumweleza daktari

Kusema tu kwamba "jicho linauma" hakumsaidii sana mhudumu wa afya, kwani hata vumbi huleta hali hiyo. Mgonjwa aeleze maumivu yalianza lini, na kama yalikuja polepole au ghafla. Abainishe iwapo jicho linawasha, linachoma, linachomachoma kama sindano au linauma kwa ndani. Ataje jicho lililozidiwa, kama mwanga humkera, kama ana mazoea ya kufikicha macho, na ni mara ngapi amebadilishiwa miwani. Iwapo kuna jamaa mwenye tatizo kama hilo, asifiche.

Maelezo hayo ndiyo yatakayomfanya mhudumu amtume mgonjwa kwa wataalamu badala ya kumrudisha nyumbani na dawa ya matone. Katika eneo la magharibi, Hospitali ya Macho ya Sabatia, Kaunti ya Vihiga, hutoa huduma za macho. Upasuaji wa kubadilisha konea umefanywa kwa miaka mingi katika Hospitali ya PCEA Kikuyu, Kaunti ya Kiambu.

Kuna matibabu ya kuzuia maradhi yasiendelee, ambapo konea hutiwa matone ya vitamini B2 kisha kumulikwa kwa miale ya urujuanimno ili ikaze. Matibabu hayo hayarejeshi kilichokwisha kuharibika, na ndiyo sababu ya kuwahi. Lenzi ngumu humsaidia mgonjwa kuona vyema, na wachache waliozidiwa hubadilishiwa konea kwa kutumia ile iliyotolewa na marehemu.

Wazazi wanashauriwa kuwazuia watoto kufikicha macho. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa hupunguza muwasho. Aidha, si salama kununua matone dukani bila ushauri. Baadhi yana steroidi ambazo, zikitumiwa kwa muda mrefu, huongeza shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa za mitishamba nazo zisitiwe machoni kamwe, kwani zinaweza kuichoma konea ambayo tayari imekonda.