Macho ya Angani

Tarehe 7 Desemba 1926, Walter Mittelholzer, rubani na mpiga picha wa Uswisi, aliondoka Zürich kwa ndege yenye maboya ya kutulia majini, akawasili Cape Town tarehe 21 Februari 1927. Mwanzoni mwa mwaka 1930 aliruka juu ya Kilimanjaro, akaipiga picha kasoko ya Kibo na barafu yake. Picha zake zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH, Zürich.

Picha za namna hii, zikikuzwa na kutundikwa katika makumbusho, humshangaza mtazamaji. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini yafaa aambiwe kile ambacho jicho la angani halikioni. Mwanafunzi wa Nyakahanga anao mfano wa karibu: Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, ambako Rumanyika alimpokea Speke mwaka 1861. Kutoka juu huonekana vilima, malisho na migomba. Ukarimu wa mfalme yule, na maana ya ng'ombe wa chuma waliokuwamo katika hazina yake, hubakia kwa wasimulizi. Basi kando ya kila picha kubwa na pawepo maneno ya wenyeji.