Chole wa Ghuba ya Magharibi

Kila ifikapo Aprili, hutua ndege mmoja juu ya ukuta wa ua wetu hapa Ghuba ya Magharibi, mjini Doha. Ni mkubwa kuliko tetere. Kichwa na kifua vyake vina buluu ya maji ya pwani, mgongo wake ni wa hudhurungi, na arukapo huonyesha mbawa za buluu zenye ncha nyeusi. Marehemu bibi yangu, aliyeondoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, alipomwona mara ya kwanza alisema bila kusita: "Huyu chole. Katoka kwetu."

Neno hilo "kwetu" ndilo lililonifanya niwachunguze ndege wa ua huu.

Ardhi yenyewe ni changa. Waarabu huliita eneo hili Al Dafna, yaani mahali palipofukiwa, kwani palikuwa bahari hadi kazi ya kupajaza ilipoanza katika miaka ya 1970. Hoteli ya Sheraton, yenye umbo la piramidi, ilifunguliwa mwaka 1982. Miti na maji ya kumwagilia bustani ndiyo yaliyowavuta ndege.

Baadhi yao ni wakaazi. Kasuku wa kijani mwenye mdomo mwekundu, ambaye dume lake lina kikuku cheusi na waridi shingoni, na maina wa kahawia mwenye ngozi ya manjano kandoni mwa macho, wote asili yao ni Asia. Waliletwa ng'ambo hii vizimbani, wakatoroka, wakazaana. Hudihudi naye hujulikana kwa kishungi chake, na hahitaji kutambulishwa kwa aliyesoma habari za Nabii Suleiman katika Surat an-Naml.

Wengine ni wasafiri. Keremkerem hupita kwa makundi wakidaka nyuki angani: mmoja ana koo la manjano na mgongo wa hudhurungi, mwingine ni kijani mwenye koo jekundu na mashavu ya buluu. Waarabu humwita warwar. Chole wao humwita shiqraq.

Hawa wasafiri ndio wanaoigusa historia yetu. Wazee wetu walikuja Afrika Mashariki kwa pepo za kaskazi na kurejea Arabuni kwa kusi. Manahodha waliwatazama ndege kwa makini. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, katika maandishi yake ya mwishoni mwa karne ya 15, aliwataja miongoni mwa alama za kukaribia nchi kavu. Na mwezi wa Aprili, kusi inapoanza kuvuma, machole huonekana kwa makundi makubwa wakielekea kaskazini kupitia mashariki ya Tanzania na Kenya hadi Somalia, kisha huvuka kuja Bara Arabu. Wanashika mwelekeo ule ule wa majahazi, na katika msimu ule ule.

Basi bibi alikuwa sahihi kuhusu ndege na kuhusu njia. Kuhusu kwao, hapana. Chole huyu huzaliwa Ulaya na Asia ya Kati. Afrika Mashariki huenda kukimbia baridi tu, na hajengi kiota huko. Chole anayezaliana bara, mwenye kifua cha zambarau, ambaye wageni wa mbuga za Tanzania na Kenya hupenda kumpiga picha, huyo haji Ghuba.

Nilipomweleza hayo bibi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na huko anakozaliwa, yuko mtu anayemwita chole?"

Sikuwa na la kumjibu. Leo wanangu humtambua ndege huyu kwa kumpiga picha kwa simu, nayo huwapa jina la Kiingereza na la Kilatini, majina sahihi yote mawili. Jina la bibi halimo. Lilivuka bahari kinywani mwake, na katika nyumba hii nimebaki mimi ninayelitumia. Ndiyo maana Aprili hii, chole alipotua ukutani, niliwaita watoto uani, nikawafundisha majina matatu: chole, keremkerem, hudihudi. Mdogo alilirudia keremkerem mara nyingi kwa kupenda mlio wake. Nawasihi jamaa wenye wazee walio hai: waulizeni majina ya ndege wangali wanayakumbuka.