Dawa Inayomezwa Kabla ya Maumivu

Somo la leo ni historia ya dawa za kuzuia kipandauso, yaani yale maumivu makali ya kichwa yanayopiga mara nyingi upande mmoja, yakaleta kichefuchefu na kumfanya mtu auchukie mwanga na kelele. Hatutasema habari za vidonge vya kutuliza maumivu yaliyokwisha anza. Tutatazama zile dawa ambazo mgonjwa huandikiwa azimeze kila siku, hata siku asizoumwa. Wengi huziacha baada ya siku chache wakisema, "Hazifai kitu." Historia itatuonyesha kwa nini tusifanye haraka.

Habari yetu yaanzia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Huko alikuwako mtaalamu wa elimu ya ubongo, Karl Lashley, naye mwenyewe aliugua kipandauso. Baadhi ya wagonjwa, kabla kichwa hakijauma, huona doa lisiloonyesha kitu, ukingo wake ukimetameta, nalo hukua polepole kuelekea pembeni. Lashley alilichora doa lake mara kwa mara lilipokuwa likikua. Mwaka 1941 alitangaza hesabu yake: kuna kitu kinachotambaa juu ya sehemu ya ubongo ya kuonea, mwendo wa milimeta 3 hivi kwa dakika.

Mwaka 1944, kutoka chuo hicho hicho, Mbrazili Aristides Leão alieleza jambo la ajabu. Alikuwa akichunguza kifafa kwa kutumia sungura. Aliposisimua mahali pamoja pa ubongo, umeme wa asili wa mahali pale ulinyamaza, kisha kimya kile kikaenea polepole, milimeta chache kwa dakika. Mwaka 1958 Peter Milner aliziweka hesabu hizo mbili pamoja, akaona kwamba zinalingana.

Fikirini moto wa nyika wakati wa kiangazi. Mbele huwaka mstari mwembamba. Nyuma hubaki majivu. Ndivyo ilivyo katika ubongo. Kwanza chembe hai husisimka kwa pamoja, ndiko kumetameta. Kisha hunyamaza, ndilo doa. Zinaposisimka humwaga potasiamu nje, nayo potasiamu huziamsha chembe za jirani, nazo huamsha zilizo mbele yake.

Na dawa je? Hizo hazikutokana na elimu hii. Nyingi ziliokotwa njiani. Propranololi ilitengenezwa Uingereza na James Black na wenzake kwa ajili ya moyo. Mwaka 1966 madaktari walioijaribu kwa wagonjwa wa moyo walieleza kwamba mmoja wao alipata nafuu ya kipandauso. Valproati na topiramati zilikuwa dawa za kifafa. Amitriptilini ilikuwa dawa ya huzuni iliyozidi kiasi. Basi likazuka fumbo: dawa za magonjwa mbalimbali namna hii zazuiaje ugonjwa mmoja?

Mwaka 2006 Cenk Ayata, Michael Moskowitz na wenzao, huko Boston, walitoa jibu moja. Walizijaribu kwa panya dawa hizo nne, pamoja na ya tano, methiserjidi. Panya waliopewa dawa mara moja tu hawakubadilika. Waliopewa kila siku kwa majuma na miezi, mawimbi yao yalipungua kwa asilimia 40 hadi 80, na ulihitajika umeme mwingi zaidi kuliamsha wimbi. Kadiri siku zilivyoongezeka, ndivyo kinga ilivyozidi.

Mnaona, basi? Dawa hizi hazizimi moto. Huilowanisha nyika ili cheche isishike. Tena manyunyu ya siku moja hayailowanishi nyika iliyokauka. Ndiyo sababu daktari humwambia mgonjwa avumilie kama miezi 2, akiandika siku anazoumwa, kabla ya kusema dawa imeshindwa. Mtu aliyekuwa akiumwa siku 8 kwa mwezi akaumwa siku 4, huyo amesaidiwa, ingawa kipandauso hakijamtoka.

Lakini tusivuke mpaka. Wagonjwa walio wengi hawaoni doa lolote, na sindano mpya zilizoanza kutumika mwaka 2018 hufanya kazi yake zaidi nje ya ubongo. Kwa hiyo wimbi ni sehemu ya habari, si habari yote. Tena kila dawa ina hatari yake. Valproati huweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Propranololi haimfai mwenye pumu. Kidonge kilichomfaa dada yako kisiwe chako mpaka daktari amekupima.

Lashley alichora alichokiona, Leão akapima kile ambacho hakukitazamia, na miaka mingi baadaye ikajulikana kwa nini mgonjwa hutakiwa kungoja. Haba na haba hujaza kibaba. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini kidonge kimoja cha kinga hakitoshi?
2. Mgonjwa atajuaje, baada ya miezi 2, kama dawa imemsaidia?
3. Mambo gani mwanamke anayetarajia kuzaa amweleze daktari kabla ya kuandikiwa dawa?