Kabla Hujasajili Laini ya Pili, Jua Bongo Ilianzaje Kuwa na Mbili

Watoto wa 2000 hawataamini, ila kuna kipindi kuwa na laini mbili hakukuwa ujanja wa kuficha mchepuko. Ilikuwa hesabu ya salio tu.

Mobitel walipoanza 1994, simu ya mkononi ilikuwa kitu cha mabosi. Vodacom wakaja 2000, Celtel 2001, Zantel nao wakiwa upande wa Zanzibar, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule wa kwake kwa kila dakika, na gharama hiyo inakurudia wewe. Ndani ya mtandao wako ofa kibao, ukitoka nje vocha inayeyuka. Sasa mama yuko mtandao huu, demu yuko ule, bosi yuko wa tatu. Utafanyaje?

Watu wakawa wanatembea na laini kwenye waleti. Ukitaka kumpigia demu unazima simu, unafungua mfuniko, unatoa betri, unabadilisha laini, unawasha, unasubiri mtandao ukae. Ukimaliza maongezi unarudia zoezi lote, na hapo katikati bosi amepiga mara tatu hupatikani. Ndo maana simu za Mchina zenye laini mbili, zile zenye tivii na antena ya kuvuta, ziliuzwa kama njugu. Hata Nokia wakasalimu amri 2010 wakatoa C1-00, japo ile laini moja ikiwa hewani nyingine inalala. Mchina feki mwisho wake ulikuja Juni 2016, TCRA walipozima simu zote zisizo halisi.

Wakati huo sababu ya bei nayo ilikuwa inakufa kimyakimya. Ile tozo ya mtandao kwa mtandao ilishushwa hadi shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, na ikaendelea kushuka mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Leo bando lako linapiga mitandao yote. Cha ajabu, watu bado wananunua laini ya pili kwa akili za 2006: "mtandao gani wa bei rahisi?" Laini yenyewe ni bei ya soda, wala siyo hiyo inayokula hela. Kinachokula ni kununua bando mara mbili.

Chukua dada anayeuza viatu mtandaoni. Anachohitaji ni namba ya kazi, siyo bando la kazi. Tangu 2018 kuna WhatsApp Business, inakaa simu moja na WhatsApp ya kawaida, kila moja na namba yake, na zote zinakula bando la laini moja. Laini ya pili inabaki ya kupokea simu na kupokea malipo. Mtandao achague unaoshika vizuri pale anapofanyia kazi, basi.

Ila malipo ndo yaliyobadilisha mchezo mzima. M-Pesa ilipofika Bongo 2008, laini ikageuka pochi. Na pochi lazima iwe na mwenyewe. Zamani laini ziliuzwa barabarani kama karanga, jina lolote linaandikwa, hata la mchezaji mpira. Ndipo ikaja alama ya vidole na namba ya NIDA, na Januari 2020 wasiosajili wakaanza kuzimiwa. Watu walilalamika sana, foleni za NIDA zilikuwa za kutisha, lakini kilio cha wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kilikuwa kikubwa zaidi.

Na wale hawajaisha, wamebadilisha mbinu. Bibi wa watu anaweka dole, anaambiwa "halijasoma, weka tena". Dole la pili linasajili laini nyingine kabisa, na hiyo ndo unauziwa wewe mtaani ikiwa "tayari imesajiliwa". Ukiingiza hela humo, kisheria ni hela ya bibi. Ikifanya uhalifu, anayefuatwa ni bibi. Laini ya kazi isajili kwa dole lako mwenyewe, halafu piga *106# uone ni namba ngapi zinasoma kwenye NIDA yako. Wapo wanaokuta namba wasizozijua kabisa.

Kingine, laini ya pili ina tabia ya kusahaulika kwenye droo. Ikikaa miezi bila kupiga wala kuweka salio, kampuni inaifunga na kumuuzia mtu mwingine namba ileile. Huyo mtu hana kosa lolote. Anaweka laini mpya, anafungua WhatsApp, na wateja wa viatu wanaanza kumuuliza mzigo umefikia wapi.