Michoro ya Kolo: Jiwe, Mti na Dawa

  Ninyi mlioko darasani Nangwa mnaujua vizuri Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mnajua pia kwamba mlima si mawe matupu. Mna miti ya dawa, mna chemchemi, tena mna heshima ya wazee.

Leo tutawatazama jirani zetu waliotafuta uponyaji mlimani kwa njia ya michoro. Tusafiri kwa mawazo. Kutoka Nangwa tunakwenda Babati, kisha tunashika njia ya kusini iendayo Kondoa. Kabla ya kufika Kondoa mjini tunakuta kijiji cha Kolo. Katika vilima vya huko, chini ya majabali yaliyoinama kama paa la nyumba, kuna picha zilizochorwa zamani sana.

Picha hizo ni za namna mbili. Zile nyekundu ndizo za kale zaidi. Zilichorwa na wawindaji, ambao rangi yao ilikuwa ngeu, yaani udongo mwekundu uliosagwa. Walichora twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Picha nyeupe zilikuja baadaye, nazo ni za wakulima na wafugaji.

Je, kwa nini walichora? Wataalamu wengine husema walitaka kupata baraka ya mawindo. Wengine huwatazama Wasandawe, ambao bado wanaishi katika nchi hiyo ya Kondoa na Chemba. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo. Mchezaji hucheza mpaka akapandwa, akawa kama simba, ili awakinge watu na uchawi na maradhi. Mtaalamu Eric ten Raa aliandika mwaka 1971 kwamba Wasandawe walikuwa wakichora majabalini pamoja na kutoa sadaka. Kwa hiyo yawezekana kwamba mchoro haukuwa pambo tu. Ulikuwa sehemu ya ibada, kama vile ngoma.

Warangi nao, ingawa picha nyekundu si kazi ya mababu zao, waliliheshimu jabali. Mahali paitwapo Mungumi wa Kolo, waganga na wazee wamefanya tambiko la kuomba mvua na kuponya wagonjwa. Mgonjwa hapelekwi peke yake. Huenda na jamaa zake, wakapanda kilima pamoja. Fikirini jambo hilo: mtu aliyetengwa na ugonjwa anarudishwa kwa watu wake, kwa wazee waliomtangulia, na kwa nchi yake. Hata leo, tunapokwenda zahanati kupata dawa, moyo nao unahitaji kurudishwa hivyo.

Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey alifanya kazi kwa miezi kadhaa akinakili picha hizo kwenye karatasi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia.

Lakini hatari ipo. Miti ikikatwa, jua na mvua hupiga jabali moja kwa moja, na rangi hufifia. Watu wengine wamechimba mapangoni wakitafuta mali wanayodhani ilifichwa na Wajerumani. Hata pombe ya tambiko ikimwagwa juu ya picha huziharibu. Hapo pana shauri gumu. Tukiwafukuza wazee, jabali litabaki kama kitu cha kutazamwa na wageni tu. Tukiacha kila jambo lifanyike, wajukuu watakuta jiwe tupu. Dawa ya Kolo ni jiwe, mti na watu kwa pamoja. Ukiondoa kimoja, viwili vilivyosalia havitoshi. Basi wazee wa tambiko na walinzi wa michoro hawana budi kukaa baraza moja.

Sasa zimeni redio, mzungumze.

MASWALI

1. Rangi nyekundu ilitengenezwa kwa kitu gani?
2. Kwa nini kukata miti huharibu michoro?
3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani wazee walipaheshimu? Pana hali gani leo?
4. Andika sentensi tatu juu ya mti mmoja wa dawa unaoujua.